Ergo ya Mlinzi

Nukta aliisoma karatasi ile mara tatu, na kila alipoirudia midomo yake ilizidi kubana, kama mtu aliyepewa dawa chungu akaona haya kuitema mbele za watu.

Jina hilo alipachikwa na wenzake wa makao makuu. Jalada likipita mikononi mwake lilirudi limejaa wino mwekundu, na neno lake likishatoka hapakuwa na la kuongeza. Alikuwa inspekta mwenye miaka ishirini na miwili kazini, mfupi, miwani yake ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Siku hiyo ya Alhamisi alikuwa ametumwa kwenye kituo kidogo cha polisi kwa kazi ya nusu saa: apitie jalada la mauaji ya mkuu wa chuo cha ualimu, atie sahihi, na kesho yake mlinzi wa chuo apandishwe kizimbani. Mlinzi alikuwa amekiri. Karatasi ya kukiri ndiyo hiyo aliyoishika.

"Sajini," alisema bila kuinua macho, "hebu nisomee mstari wa nne."

Sajini, mwenye kesi, alivuta kiti na kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma risala. "'Niliingia ofisini kwa Mkuu, ergo nikamkuta ameketi anaandika.'"

"Na wa saba."

"'Nilichukua kengele ya shaba iliyokuwa mezani, ergo nikampiga nayo kichwani.'"

"Malizia."

"'Nilikimbia nyuma ya maktaba, ergo kengele nikaitupa ndani ya tangi la maji ya mvua. Ninajuta sana, ergo naomba huruma ya mahakama.'"

"Ergo ni nini?"

Sajini alijikuna shingo. "Ni neno la kisheria, afande."

"Maana yake?"

"Ni kama... kuthibitisha."

"Kuthibitisha nini?"

"Kwamba mtu amekiri."

Nukta alimtazama kama anavyotazamwa nzi aliyekutwa ndani ya chai. Haikuwa mara yake ya kwanza kukutana na askari mvivu. Wavivu aliwazoea. Kilichomkera ni mvivu anayejiona hodari.

"Maneno haya aliyasema nani?"

"Mlinzi mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Mimi nikaandika neno kwa neno. Si unaona dole gumba lake hapo chini?"

"Na kengele mliipata lini?"

"Jumanne, saa tatu asubuhi. Imo kwenye kitabu cha matukio." Sajini alitanua kifua. "Tulikuwa hatujui hata kapigwa na nini. Karatasi hiyo ndiyo iliyotupeleka moja kwa moja kwenye tangi. Kengele imo, ina damu iliyonasa kwenye maungio ya mpini. Kesi safi, afande. Sijapata kuona kesi safi kama hii."

"Nami sijapata." Nukta aliligeuza jalada. "Humu mna karatasi kumi na nane. Kumi na saba umeziandika kwa mkono, na mwandiko wako Mungu anaujua. Hii moja tu ndiyo imepigwa chapa. Kompyuta yenu iko wapi?"

Macho ya sajini yalikwenda pembeni, ambako kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa na juu ya kitambaa kuna birika. "Iliharibika."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Kwa hiyo ulipigia wapi chapa?"

"Mjini. Steshenari."

"Mtu anakukirieni mauaji, nawe unamwacha katikati ya maelezo, unakwenda mjini kutafuta steshenari. Au ulikwenda naye mkapange foleni pamoja?"

Sajini alijikuna shingo tena. Nukta hakumsukuma. Mtu wa namna hiyo ukimwacha ajipike mwenyewe anaiva upesi.

"Nitakurudia," alisema. "Mlete mlinzi."

Wanafunzi walimwita mlinzi huyo Filimbi, kwa ile filimbi yake ya bati aliyowapulizia waliochelewa getini. Mtu wa makamo, mrefu, viatu vimeondolewa kamba kwa sheria za mahabusu. Aliketi pale alipoonyeshwa, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

"Karatasi hii umewahi kusomewa?" Nukta aliuliza.

"Hapana, afande. Mimi mwenyewe kusoma sijui. Sajini aliniambia niweke dole gumba, halafu nitarudi nyumbani. Nikaweka. Sijarudi nyumbani."

"Hukumsimulia sajini kilichotokea?"

"Nilimsimulia Jumapili aliponikamata. Akaniambia nafunga mdomo au anaufunga yeye."

Sajini alikohoa. Nukta hakugeuka.

"Ergo unamjua?"

Mlinzi alifikiri kwa dhati kabisa, paji la uso limekunjana. "Simjui. Ni mwalimu mgeni? Kama anasema aliniona naingia ofisini, mleteni anitazame usoni."

Nukta alivua miwani na kuifuta kwa pindo la blauzi, ingawa haikuwa na vumbi.

"Jumapili mchana nani aliingia getini?"

"Mama Mkuu peke yake. Chuo kimefungwa, wanafunzi wako makwao. Waliobaki ni wale wenye nyumba humo humo ndani, nao hawapiti kwangu. Dokta, makamu wake. Na mtunza bustani, lakini yeye alisafiri kwenye msiba. Saa kumi nikapeleka funguo, nikamkuta Mama Mkuu sakafuni. Nikapiga filimbi mpaka pumzi ikaniishia. Aliyefika kwanza ni Dokta."

Chuo kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kituoni. Nukta alikwenda kwa miguu. Alimkuta makamu wa mkuu katika ofisi ya marehemu, tena kwenye kiti cha marehemu. Siku nne tu, na tayari picha ya Mama Mkuu ilikuwa imeshushwa ukutani, mahali pake pamebaki mraba mweupe. Mezani kulikuwa na kibao kipya cha mbao kilichochongwa neno moja: DOKTA.

"Karibu sana, inspekta. Msiba huu umetuelemea, ergo utatuwia radhi kwa vurugu," alisema makamu. Alikuwa na sauti laini na vidole safi, na kila baada ya sentensi alitulia kidogo, kama anayempa msikilizaji nafasi ya kupiga makofi.

Nukta hakupiga. "Kwenye maelezo ya mlinzi kuna neno linanisumbua. Ergo. Mtu asiyejua kusoma kalitoa wapi?"

"Ah." Dokta alitabasamu. "Neno hilo lililetwa hapa na mwalimu mmoja wa mantiki, sasa mstaafu. Alilitia kila mtu mdomoni. Mlinzi alikaa chini ya dirisha la darasa lake miaka kumi, ergo si ajabu kwamba limemwingia." Akainama mbele, sauti akaishusha. "Isitoshe, mzee yule ana kinyongo. Mama Mkuu ndiye aliyemstaafisha. Na amekuwa akizungumza na mlinzi, nimewaona kwa macho yangu. Mimi si mtu wa kumsingizia mwenzangu, ergo nakuachia wewe."

"Umenisaidia," alisema Nukta, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anakejeli. Hata hivyo aliondoka akijionya. Neno si alama ya kidole. Kama chuo kizima kilizungumza hivyo, hakuwa na kitu mkononi.

Mwalimu mstaafu aliishi mitaa miwili nyuma ya chuo, katika nyumba yenye madaftari mengi kuliko viti. Binti yake, muuguzi, ndiye aliyefungua mlango. Mzee alikuwa amenyoosha mguu mmoja juu ya kigoda, goti limefungwa bendeji nene.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kunikamata, utanibeba. Goti hili halishuki hata ngazi tatu."

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Hospitali," alijibu binti kutoka mlangoni. "Walimtoa maji gotini. Nilikuwa zamu, nikamlaza wodini kwangu mpaka jioni. Njoo uangalie daftari la wodi ukitaka."

Nukta alisema angeliangalia, na baadaye aliliangalia kweli. Jina lilikuwamo, saa ya kuingia na ya kutoka. Kwa wakati huo alimpa mzee nakala ya maelezo ya mlinzi. Mzee aliisogeza karibu na pua na kuanza kusoma. Alipofika katikati aliiweka mapajani na kupumua kwa nguvu.

"Uchafu gani huu?"

"Wanasema neno hilo umelifundisha wewe."

"Nimelifundisha miaka thelathini, na hapa halimo. Herufi zake zimo, lenyewe halimo." Mzee alipandisha kidole, na ghafla chumba kikawa darasa. "Sikiliza. Ergo ni Kilatini. Tafsiri yake ni 'kwa hiyo', lakini si kila 'kwa hiyo'. Unaweka jambo la kwanza. Unaweka la pili. Halafu unasema ergo, na kinachofuata hakina hiari, kimelazimika kufuata. Walinzi wote wa chuo wana funguo. Huyu ni mlinzi wa chuo. Ergo?"

"Ana funguo."

"Vizuri. Sasa: huyu ana funguo, ergo ameua."

"Hapana. Wenye funguo ni wengi, na si wote waliomuua."

"Hapo ergo imevunjika mguu, na wewe ungefaulu mtihani wangu." Aliigonga karatasi kwa ukucha. "Huyu anasema aliingia, ergo akamkuta ameketi. Kwani angeingia asingeweza kumkuta amesimama? Anajuta, ergo anaomba huruma. Kwani hakuna wanaojuta wakanyamaza? Huyu hatoi hoja, anavaa tai. Mlinzi Filimbi nimekaa naye getini miaka, tukizungumza habari za watoto. Ana akili timamu, hawezi kusema upuuzi wa kiwango hiki. Upuuzi huu unahitaji shahada."

"Walimu wengine chuoni wanasema hivi?"

"Wengine wana aibu. Ni mmoja tu." Uso wa mzee ulibadilika, dharau ikapungua na kitu kizito zaidi kikaingia. "Wiki iliyopita Mama Mkuu alikuja hapa, akaketi hapo ulipoketi wewe. Aliniomba madaftari yangu ya mhadhara. Makamu wake alikuwa ametoa kitabu cha mantiki ambacho ndicho kilichompatia huo udokta. Mama Mkuu alikisoma, akasema anaisikia sauti yangu ukurasa baada ya ukurasa, isipokuwa dibaji. Dibaji ilikuwa na ergo kumi na moja na hata moja haikuwa mahali pake. Alikuwa apeleke madaftari yangu bodi ya chuo Jumatatu."

"Madaftari yako wapi sasa?"

"Aliondoka nayo."

Hayakuwamo kwenye orodha ya vitu vilivyokutwa ofisini. Nukta aliikumbuka orodha hiyo vizuri, kwa sababu ilikuwa fupi mno na ilikuwa na makosa manne ya tahajia.

Alirudi chuoni na kusimama mbele ya ubao wa matangazo kwenye ukumbi mtupu. Alisoma kila karatasi, moja baada ya nyingine, hata ratiba ya michezo. Matangazo ya walimu wengine yalisema yaliyotaka kusema na kuishia hapo. Matatu yalikuwa na sahihi ya makamu. *Maktaba itafungwa saa kumi, ergo kila mwanachuo azingatie usafi. Mitihani inakaribia, ergo kuvaa kandambili darasani ni marufuku.* La tatu lilihusu vyoo, na Nukta alilisoma mpaka mwisho kwa ustahimilivu wa kazi. Halafu aliliona jambo jingine. Pembezoni mwa karatasi zote za ubaoni, upande wa kushoto, ulipita mstari mwembamba wa wino kutoka juu hadi chini. Alitoa karatasi ya mlinzi mkobani. Mstari ulikuwapo, mahali pale pale.

Alichomoa pini, akayashusha matangazo matatu, akamwomba katibu muhtasi wa chuo asaini kwamba ameyachukua.

"Mstari huu ni wa nini?" alimuuliza.

"Ni printa yetu, mama. Roli yake imekwaruzika. Nimeomba nyingine tangu enzi na enzi."

"Nani anaitumia?"

"Mimi peke yangu. Hawa wakubwa hawajui hata inawashwa wapi." Alisita, akatazama mlango wa ofisi. "Isipokuwa Jumatatu. Nilifika saa moja na nusu nikamkuta Dokta kwenye kiti changu, anagonga herufi moja moja kwa kidole. Nikamwambia nipe nikusaidie, shikamoo yangu hata hakuiitikia. Akachapa karatasi moja, akaikunja, akatoka nayo. Nikadhani ni tanzia."

Nukta alipiga simu kituoni, akamwambia sajini aje chuoni mara moja na kitabu cha matukio, na alete askari wawili. Walipofika aliingia nao ofisini bila kubisha hodi.

Dokta aliinuka nusu. "Inspekta. Nimezingirwa, ergo—"

"Keti. Sajini, karatasi hii ulipewa na nani Jumatatu?"

Sajini alimtazama Dokta. Dokta aliutazama mraba mweupe ukutani.

"Nakuuliza mara moja tu," alisema Nukta. "Ukijibu sasa wewe ni askari mzembe. Ukijibu kesho wewe ni mshirika."

"Dokta aliileta kituoni, saa mbili asubuhi," alisema sajini haraka, kama mtu anayetua mzigo mguuni mwa mwenziwe. "Alisema amenirahisishia kazi. Amezungumza na mlinzi, mlinzi kamweleza yote, kilichobaki ni dole gumba. Mpwa wangu alikuwa anatafuta nafasi ya chuo, afande. Dokta alisema nafasi ipo."

"Umewauza watu wawili kwa dawati moja." Nukta hakumwangalia tena mpaka mwisho wa shughuli ile. "Dokta. Mlinzi alikueleza haya lini?"

"Jumapili. Jioni. Alipokuwa amechanganyikiwa."

"Alikamatwa ofisini humu, wewe ukiwapo, dakika ishirini baada ya kupiga filimbi. Dakika hizo mlikuwa peke yenu?"

"Hapana," alisema sajini. "Tulipofika wapishi wa mgahawa wa jirani walikuwa wameshajaa. Waliisikia filimbi wakaruka ukuta."

"Kwa hiyo alikuungamia mbele ya wapishi?"

"Ilikuwa... nilimtembelea mahabusu."

Nukta alikifungua kitabu cha matukio, akakigeuzia upande wake. "Wageni wa mahabusu, Jumapili na Jumatatu. Mkewe. Mkewe tena. Nionyeshe jina lako."

Dokta hakukitazama kitabu. "Inawezekana niliambiwa na polisi."

"Polisi walikuwa hawajui hata kapigwa na nini, mpaka waliposoma karatasi yako. Kengele ilitolewa majini Jumanne. Wewe uliiandika Jumatatu, asubuhi na mapema, kwa kidole kimoja, kwenye printa yenye mkwaruzo." Nukta aliyapanga mezani matangazo matatu na karatasi ya mlinzi, mistari ya wino imekaa sambamba. "Umetumia neno moja miaka yote hii bila kulielewa. Mzee aliyelileta hapa amenifundisha leo kwa dakika tano, akiwa na goti bovu. Sasa sikiliza linavyotumika. Aliyeandika karatasi hii alijua kengele iko wapi kabla ya mtu mwingine yeyote kuijua. Mlinzi hakuiandika. Wewe ndiye uliyeiandika."

Ukumbini katibu muhtasi alisikika akiacha kupiga chapa.

"Malizia," alisema Nukta. "Wewe si dokta wa mantiki?"

Vidole safi vya Dokta vilikisogeza kibao cha mbao kushoto, vikakirudisha kulia. Alipozungumza, ile sauti laini ilikuwa imekwisha. "Alinicheka," alisema. "Nilimwomba anisikilize, akaifungua dibaji na kuisoma kwa sauti, akicheka. Hata macho hakuyainua."

"Madaftari uliyapeleka wapi?"

"Nimeyachoma."

Hapo tu Nukta alihisi kitu zaidi ya dharau, na kitu hicho hakikuwa huruma kwa mtu aliyeketi mbele yake. Aliwaza miaka thelathini ya mwandiko wa mzee yule, na nani angemwambia. "Mfungeni pingu," aliwaambia askari. "Na mtoeni kwenye kiti hicho."

Filimbi aliachiwa alasiri hiyo hiyo, lakini Nukta hakumruhusu aende kabla ya kumwandika upya. Alikaa naye kwenye benchi la nje ya kituo, kalamu mkononi, mkewe mlinzi amesimama kando na kamba za viatu alizorudishiwa. Mlinzi alisimulia polepole. Nukta aliandika upesi, kisha akamsomea.

"'Jumapili nilikuwa getini. Yapata saa nane mchana nilisikia kelele kutoka ofisi ya Mkuu—'"

"Hapo siyo, afande."

"Siyo vipi?"

"Sikusema kelele. Nimesema sauti. Ingekuwa kelele ningekwenda."

Nukta, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewasahihisha watu wengine, aliiinua kalamu. "Ilikuwa sauti gani?"

"Ile kengele yake ya mezani. Ililia mara moja, ikakatika. Nikasema moyoni, Mama Mkuu anapanga vitu vyake." Mlinzi alitazama viatu vyake visivyo na kamba. "Nikakaa."

Nukta alilikata neno *kelele*, akaandika juu yake *sauti*, akaandika kengele ilivyolia. Akamsogezea kidau cha wino. Mlinzi hakukigusa.

"Andika na hilo la kukaa," alisema.

"Si lazima. Halikuongezei wala halikupunguzii."

"Ndiyo nilivyofanya. Liandike."

Nukta aliliandika: *Nikakaa.* Akalisoma kwa sauti, neno lile moja peke yake, na mlinzi akaweka dole gumba lake chini yake.